Bia tumepika wawili, cheti kina jina moja

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi friji hapa Mbeya, nina miaka 33, nina mke na watoto wawili. Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari, sasa ni mwalimu wa kemia. Sisi wawili tuna jambo letu tunalolipenda kuliko mpira: tunapika bia nyumbani, ya kunywa wenyewe na kuonjesha jamaa. Hatuuzi. Tulianza baada ya mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea shuleni kwao kumwachia haidromita, kile kifaa cha kupima sukari iliyomo kwenye bia, na madaftari yake. Kimea cha shayiri na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, tunaagiza kwa watu wanaotoka Afrika Kusini. Sufuria na ndoo ni zangu, friji la kuchachushia nimelifunga mwenyewe kifaa cha kudhibiti joto, na tunapikia uani kwangu, Uyole.

Bia yetu inayosifiwa ni ile tunayochanganya shayiri na ulezi. Kimea cha ulezi anatengeneza mama yangu, yuko Ilembo. Mama amepika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, tangu ujana wake, na ada yangu ya shule ilitoka humo. Wazo la kutia ulezi lilikuwa langu. Hesabu za joto na vipimo ni za rafiki yangu, hilo sikatai.

Mwaka jana tulipeleka chupa kwenye mashindano ya wapika bia wa nyumbani Nairobi, yaliyofanyika pamoja na tamasha la bia. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua, nikabaki, mwenzangu akaenda na chupa. Bia ikashika nafasi ya tatu katika kundi lake. Nilifurahi mpaka nilipoona picha kwenye kundi la WhatsApp. Cheti kina jina lake peke yake, na chini ya picha ameandika: "Ulezi wa Nyanda za Juu Kusini, matunda ya utafiti wangu wa muda mrefu." Nilipomuuliza akasema fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Karatasi ya waamuzi sijaiona hadi leo. Aliniambia kwa mdomo kwamba tulipata 34 kwa 50, na kwamba mwamuzi mmoja alilalamikia ukakasi.

Sasa amealikwa tamasha la bia Dar es Salaam, awe na meza ya kuonjesha watu. Anataka nipike lita 40, nimwombe mama kimea kingine, na nichangie nusu ya gharama. Meza itakuwa na jina lake. Mke wangu, ambaye anaimba kwaya, anasema haya ndiyo malipo ya pombe, niache kabisa na hela hiyo iende kwenye ada. Mama naye kila nikienda ananiuliza, "Ile pombe yetu, Nairobi walisemaje?" Nabaki kuangalia chini.

Shangazi, nimpikie au nisimpikie? Niende au nibaki? Na mama nimwambie nini?

Mwanao, Fundi wa Uyole

*

Marahaba baba, na hongera ya mtoto.

Nianze na lita 40, kwa kuwa hizo zina tarehe. Usipike hata kidogo kwa ajili ya meza hiyo mpaka mmekaa mkazungumza na majina mawili yameandikwa. Ukishamkabidhi bia, huna tena cha kuzungumzia. Atakuwa na mzigo wake, na wewe utakuwa na lalamiko lako.

Sasa huyo mwenzio. Fomu nyingi za mashindano haya zina sehemu ya kumwandika mpishi wa pili, na zipo zinazopokea jina la timu. Inawezekana fomu ya Nairobi haikuwa nayo kweli, sitamwita mwongo kwa kitu nisichokiona. Lakini yale maneno ya "utafiti wangu" hakuna fomu iliyomlazimisha kuyaandika. Hapo ndipo alipokukosea, na hapo ndipo umshike. Usimshike kwenye fomu, mtabishana hadi kesho.

Mfuate kwake, siku ambayo hampiki wala hamjanywa. Mwambie hivi, bila kuzunguka: "Ndugu yangu, bia ile tuliipika wawili na kimea alitengeneza mama. Naomba mambo matatu. Nione karatasi za waamuzi. Uandike kwenye kundi lilelile kwamba tulipika wote. Na meza ya Dar iwe na majina yetu mawili, au niiache." Halafu nyamaza umsikilize. Mkikubaliana, waandikieni kwa pamoja waandaaji wa Nairobi kuwaomba warekebishe jina kwenye kumbukumbu zao. Ombi likitoka kwa wote wawili ni jambo jepesi. Likitoka kwako peke yako litasomeka kama ugomvi, nao hawataki kuingia ugomvini.

Nakusihi usiyapeleke haya kwenye kundi la WhatsApp kabla ya hapo. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu hujitetea hata kwa lisilotetewa. Na huyu, kwa jinsi ulivyomwandika, bado unampenda. Umesema mwenyewe kwamba vipimo ni vyake, tena umesema bila kuulizwa.

Kwa nini nimetanguliza karatasi za waamuzi mbele ya cheti? Kwa sababu cheti kinawatosha wageni sebuleni. Karatasi ndiyo inayomrudisha mpishi kwenye sufuria. Waamuzi hawajui bia ni ya nani. Chupa zinafika bila lebo, zina namba tu, nao wanaambiwa aina ya bia na maelezo uliyoyatoa. Karatasi inayotumika sehemu nyingi duniani ni ya BJCP, mpango wa Marekani wa kuwapima na kuwathibitisha waamuzi, ulioanza mwaka 1985. Alama zake 50 zimegawanywa hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Kila sehemu ina mistari ya kuandika, na mwamuzi anayejua kazi anaijaza. Kwa hiyo mwenzio alipokuletea "34" na "ukakasi", amekuletea kichwa cha habari akabaki na habari yenyewe. Mtu wa pili katika kupika ananyimwaje hiyo?

Hiyo 34, kwa taarifa yako, siyo haba. Kwa mizani yao, 30 hadi 37 ni bia nzuri sana, 38 hadi 44 ni bora, na kuanzia 45 ni zile chache zisizosahaulika. Umebakiza alama nne tu kupanda daraja.

Tazama pia waliiingiza kundi gani. BJCP wana kundi la bia za nafaka mbadala, yaani bia ya kawaida iliyotiwa nafaka nyingine ikabadilisha ladha, na sharti lake ni kuitaja nafaka hiyo kwenye fomu. Kama mwenzio aliandika "ulezi", waamuzi waliitafuta ladha ya ulezi wakaihesabu kuwa sifa. Kama aliingiza kama bia ya shayiri tupu, ladha ileile wanaihesabu kasoro. Bia haibadiliki, kinachobadilika ni kile mwamuzi alichoambiwa atarajie. Hilo pekee linaweza kuwagharimu alama nyingi kuliko kosa la jikoni.

Tuingie kwenye ukakasi, maana hapa nina la kusema. Nimekulia nyumba ya kimpumu. Bibi yangu alikuwa akiloweka ulezi usiku kucha, anautandaza kwenye gunia, anaufunika na kuunyunyizia maji, na baada ya siku chache unakuta vimizizi vyeupe vimeshikana hadi ulezi unabanduka vipande vipande ukiuinua kwa mkono. Nyumba nzima inanukia. Kisha unaanikwa juani, unasagwa. Pale punje inapochipua ndipo vinapotokea vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayochacha. Mama yako anayajua hayo kwa pua na kwa vidole.

Ulezi, hasa ule mwekundu na wa kahawia, una tanini kwenye ganda lake. Tanini ndiyo inayokausha ulimi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kwenye kimpumu haisumbui sana, kwa kuwa kimpumu ni kizito, kina uchachu, na kinanywewa na unga wake. Bia yenu imechujwa, ni nyepesi, haina pa kuificha. Muulize mwenzio mambo haya: maji ya kusuuzia kimea yalikuwa ya moto kiasi gani? Yasizidi nyuzi 77. Je, mnakamua machicha kwa nguvu ili msipoteze tone? Acheni. Na ulezi ni sehemu gani ya nafaka yote? Jaribuni kuupunguza ndoo moja, na ndoo nyingine mtumie ulezi wa rangi nyepesi kama mama anaweza kuupata, mlinganishe. Msibadilishe mawili kwa mkupuo mmoja, hamtajua lipi limesaidia.

Jingine ni joto la maji mnayokorogea kimea. Wanga wa ulezi unahitaji moto zaidi ya ule wa shayiri ili ulainike, wakati vimeng'enya vya shayiri vinafanya kazi vizuri karibu na nyuzi 65 na vinakufa ukivipandisha sana. Ndiyo maana nyumbani uji unapikwa kwanza, unaachwa upoe, halafu ndipo kimea kinatiwa. Mama yako anakipima kwa kidole kile ambacho mwalimu wa kemia anakipima kwa kipimajoto. Kama mnatupa kila kitu pamoja kwa joto moja, mnaacha sukari kwenye machicha. Pikeni sehemu ya ulezi usiochipuzwa uwe uji mzito, uache upoe, ndipo muuchanganye na kimea cha shayiri. Mkae jikoni kwa mama siku moja mumtazame anavyofanya, nyote wawili. Nasisitiza nyote wawili. Mtu akishaketi kwenye kigoda, akashika mwiko wa mama wa mwenzake na moshi ukamwingia machoni, ataona tabu kuandika "utafiti wangu".

Kwa Uyole kuna na mambo ya mwinuko. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, na uchungu wa hopsi unatoka polepole zaidi kwenye joto dogo. Waliowapa vipimo kutoka nchi za pwani walihesabu nyuzi 100. Ongezeni muda wa kuchemsha au hopsi kidogo. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wenu unapoa hadi hamira inalala. Wewe fundi friji hilo unaliweza, kifaa chako kiwashe joto badala ya baridi.

Na chupa. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, mnaanza kwenye baridi, mnashuka Kitonga, mnapita joto la Mikumi, mzigo ukirushwa kwenye buti la basi. Bia iliyofungwa kabla haijamaliza kuchacha inapasua chupa, na vipande vya chupa ni hatari, siyo hasara tu. Pimeni kwa haidromita. Kipimo kikikaa palepale siku kadhaa mfululizo ndipo mfunge, na sukari ya kutia gesi isizidi gramu 6 au 7 kwa lita. Chupa ziwe za kahawia, maana mwanga unaharibu hopsi na kuitia bia harufu mbaya.

Sasa mama. Umeniuliza umwambie nini. Mwambie ukweli wote, na uende naye ana kwa ana, usimpigie simu. Mwambie pombe imeshika nafasi ya tatu Nairobi, waamuzi wameipa 34, wamesema ina ukakasi kidogo, na jina lililoandikwa ni la rafiki yako na unalishughulikia. Mpelekee chupa aonje. Akitema, sikiliza anachosema, naye ni mwamuzi. Muulize pia kama anataka jina lake litajwe. Wapo wazee wanaopenda na wapo wasiopenda, usimwamulie. Lakini kimea umlipe. Mpangie bei ya debe mkubaliane, kwa sababu kuloweka, kugeuza na kuanika ni kazi ya siku nyingi, na mgongo wake si ule wa zamani. Ninyi mnalipa mzigo wa Afrika Kusini bila kunung'unika. Wa Ilembo mbona uwe wa bure?

Najua wapo watakaoona bia ya nyumbani ni mambo ya kigeni tuliyoyaiga. Marekani kwenyewe, sheria ya shirikisho iliyoruhusu watu kupika bia majumbani ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979. Huku kwetu wanawake walikuwa wanachipuza ulezi na Iringa wanagema ulanzi kwenye mianzi kabla ya babu zetu kuzaliwa. Wenzetu walichofanya haraka ni kuandika: vipimo, tarehe, majina, alama. Ndiyo maana suala la jina kwenye cheti mimi silichukulii kama wivu mdogo wa marafiki. Ulezi wa mama yako ukiingia kwenye kumbukumbu za mashindano, na uingie na watu wake.

Mkeo. Nisome vizuri hapa, baba. Mkeo ana haki kwenye hoja ya ada, na usimjibu kwa habari za medali. Umemwachia mtoto mchanga, unampigia hesabu ya nauli ya Dar, na anayenufaika ni mtu mwingine. Mimi ningekasirika zaidi yake. Chukua daftari, andika kila senti ya kimea, hopsi, gesi na mizigo, umpe asome. Kisha mkubaliane kiasi ambacho hobi hii haitakivuka kwa mwezi, ada ikiwa imeshalipwa. Kuhusu imani yake, usibishane naye. Anaimba kwaya na wewe unapika bia, na mmeishi hivyo hadi mtoto wa pili. Kinachomsumbua sasa ni kuona unadharauliwa. Akikuona umesimama kwa heshima mbele ya rafiki yako, sehemu kubwa ya hasira yake itashuka.

Kama mtaafikiana kuhusu majina na mkeo ameridhia bajeti, nenda Dar. Nakuambia nenda kwa moyo wote, kwa sababu hujawahi kusimama mbele ya mtu usiyemjua akionja kitu ulichokipika, na hicho hakuna karatasi inayokupa. Utamwona anavyokunja uso au anavyorudisha glasi iongezwe. Chukua glasi ndogo, kula kabla, kunywa maji katikati, na onja bia za wenzio kwa kidogokidogo huku ukiandika. Wanaokwenda tamasha kulewa hurudi hawakumbuki walichoonja. Waulize waandaaji kama wanahitaji wasaidizi kwenye mashindano yajayo. Kazi ya kuwapelekea waamuzi chupa na kuosha glasi haina sifa, lakini unasikia kila wanachosema, na mpishi anayesikiliza pale hujifunza zaidi ya yule anayesubiri matokeo nje.

Kabla ya safari, waandaaji wakujibu kwa maandishi: kibali cha kutoa pombe pale ni cha nani, na je, watu wanalipia? Kuuza pombe bila leseni ni kosa, na mtu akinunua tiketi ya kuonja, uonjaji wako unaweza kuhesabiwa mauzo. Hapo Mbeya, afisa biashara wa halmashauri akueleze upande wenu. Na asiyefika miaka 18 asionjeshwe.

Kuna swali ambalo moyo wako haujathubutu kuliandika: je, akikataa? Akikataa majina mawili, mtakie safari njema, na usimpe bia wala kimea. Urafiki muupumzishe. Mashindano yajayo ingiza chupa yako mwenyewe, kwenye kundi la nafaka mbadala, na kwenye maelezo uandike "kimea cha ulezi, Ilembo". Utakosa hesabu zake mwanzoni, hivyo nunua haidromita yako na ujifunze kuisoma. Si ngumu, umefunga vidhibiti joto vya friji, hiyo itakushinda?

Lakini zungumza naye wiki hii. Bia inataka wiki tatu hadi nne kuchacha, kutulia na kuingia gesi, na kimea cha mama kinataka siku zake za jua.

Shangazi